Sura ya Tano: Kelele Ina Njia Yake

Gari likiwa na kelele, wenye magari wengi hukimbilia dukani kabla ya kuinama kutazama uvunguni. Hununua sponji nyeusi yenye gundi mgongoni, humwita fundi, viti hutolewa, kapeti hukunjwa, na kila palipo na bati hubandikwa. Kesho yake gari hurudi barabarani, hufika kilomita 80 kwa saa, na ule mvumo uliokuwa ukiilazimisha familia kupaza sauti ili isikilizane uko palepale. Fundi hulaumiwa, sponji hulaumiwa, na mwishowe gari lenyewe huhukumiwa kwamba ndivyo lilivyoumbwa. Mara nyingi kosa si la sponji wala la gari. Kosa ni kazi kuanzia mwisho. Kelele ni nguvu inayozaliwa mahali, inayosafiri kwa njia, na inayofika sikioni kupitia upenyo fulani au bati fulani. Anayetaka utulivu aifuate tangu inakozaliwa, azibe inakopenya, alitulize bati linalotetema, halafu ndipo afikirie sponji. Ukifuata mpangilio huo, sehemu kubwa ya nafuu hupatikana kabla hujanunua hata mita moja ya kitu cha kubandika. Ukiupindua, unalipa pesa nyingi kwa mabadiliko ambayo sikio linayatambua kwa shida.

Kwanza tukielewe kipimo, kwa sababu desibeli huwachanganya watu waliozoea kilo na lita. Nguvu ya sauti ikizidi mara mbili, desibeli huongezeka 3 tu. Ikizidi mara kumi, huongezeka 10, na hapo ndipo masikio ya watu wengi husema sauti imekuwa kubwa kama mara mbili. Maana yake ni kwamba mtu akifanikiwa kuiondoa nusu nzima ya nguvu ya kelele ndani ya gari lake, abiria watahisi nafuu ndogo. Na maana yake ya pili ni nzito zaidi: kelele kubwa huzimeza ndogo. Tuseme kwa mfano wa hesabu kwamba ndani ya gari matairi peke yake yanatoa desibeli 72, upepo 65 na injini 62. Jumla yake ni 73 na ushee. Ukiufuta upepo wote na injini yote, jambo ambalo hakuna fundi anayeliweza, utabaki na 72. Ukiyashusha matairi kwa desibeli 6 tu na kuacha vingine vilivyo, jumla inashuka hadi kama 69. Kazi yote ya kunyamazisha gari imo ndani ya hesabu hiyo: tafuta anayepiga kelele kuliko wenzake, ushughulike naye kwanza.

Katika magari yetu mengi anayepiga kelele kuliko wenzake ni tairi. Mjini, gari likienda polepole, injini ndiyo inayosikika. Gari dogo likivuka kilomita 40 au 50 kwa saa kwenye lami, matairi huipita injini, na kadiri mwendo unavyopanda ndivyo upepo nao unavyoingia kwenye hesabu. Tairi hufanya kelele kwa namna tatu kwa wakati mmoja. Meno yake ya mpira hupiga lami moja baada ya jingine, kama viganja vingi vikipiga meza kwa zamu. Hewa iliyonaswa kwenye mifereji kati ya meno hayo hubanwa tairi linapokanyaga na kufyatuka linapoinuka. Na ule upepo tuliojaza ndani ya tairi nao una mlio wake wa asili, ambao katika magari madogo huwa karibu mitetemo 200 hadi 250 kwa sekunde. Mlio huu wa tatu haupitii dirishani. Hupanda kwenye rimu, ukaingia kwenye kitovu cha gurudumu, ukafuata vyuma vya sasipensheni na bushi zake mpaka kwenye bodi, na bodi ndiyo inayouimba ndani. Bushi ikiwa imekufa, chuma kinagusana na chuma, na njia hiyo inakuwa wazi kama bomba.

Kwa hiyo uchunguzi unaanzia chini. Pitisha kiganja juu ya uso wa tairi la nyuma, kwenda mbele kisha kurudi. Kama upande mmoja mkono unateleza na upande wa pili unakwama, meno yamelika kimsumeno: ncha moja ya kila jino imebaki juu, nyingine imeshuka. Tairi la namna hiyo huvuma kama beringi iliyokufa, na wenye gari wengi wamebadilisha beringi nzima kwa sababu yake. Chanzo chake huwa ni magurudumu yasiyokaa sawa, shokapu zilizochoka, au matairi kukaa muda mrefu bila kuhamishwa nafasi. Kisha soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi. Zikiwa 2318, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Matairi ya mtumba yanayouzwa kwa bei nafuu mara nyingi bado yana meno marefu, na mnunuzi hufurahi, lakini mpira wenyewe umekauka. Mpira mgumu haukumbatii kokoto za lami, huzigonga. Hakuna sponji inayoweza kushindana na tairi kama hilo, kwa sababu linapeleka mtetemo kwenye kila kiungo cha gari kwa wakati mmoja. Huku mikoani yako pia matairi ya matope yenye meno makubwa, ambayo watu huyafunga kwa sababu yanapendeza. Anayepita kwenye matope kweli ana haki nayo. Anayeishi juu ya lami anajinunulia mvumo. Ulaya kuna lebo ya matairi, iliyoanza mwaka 2012, inayoonyesha desibeli za kila aina ya tairi. Ni msaada, ila ijulikane kwamba desibeli hizo ni za kelele inayotoka nje ya gari kumfikia aliyeko kando ya barabara. Tairi lenye namba nzuri kwenye lebo halikuahidi chochote kwa aliyekaa kiti cha nyuma.

Barabara nayo ni chimbuko, ingawa mwenye gari hana uwezo nayo. Lami iliyojengwa kwa kumwaga kokoto juu ya bitumini na kuzishindilia huvuma zaidi ya lami laini iliyochanganywa kiwandani, na dereva yeyote anayesafiri mbali anaijua ile sekunde ambayo gari linavuka kutoka aina moja kwenda nyingine, kama mtu amefunga mlango. Mwendo, hata hivyo, uko mikononi mwake. Kelele ya tairi hupanda kwa kadiri ya desibeli 9 hadi 12 kila mwendo unapozidishwa mara mbili, na ya upepo hupanda kwa kasi zaidi, hadi karibu 18. Ukishuka kutoka kilomita 100 hadi 80 kwa saa, tairi linapungua desibeli kama 3 na upepo kama 6. Ni nafuu ambayo watu huilipia pesa nyingi kwenye gereji.

Walioelewa umuhimu wa kuanzia kwenye chimbuko kuliko wengine ni wahandisi wa Toyota waliotengeneza Lexus LS 400, gari lililozinduliwa mwaka 1989. Mhandisi mkuu wake, Ichiro Suzuki, aliweka lengo la desibeli 58 ndani ya gari kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, na alikataa njia rahisi ya kuongeza vizuizi mpaka kelele inyamaze. Alitaka tatizo litatuliwe kwenye chimbuko: injini itengenezwe kwa usahihi mkubwa zaidi ili isitetemeke kiasi hicho tangu mwanzo, upepo upite juu ya bodi bila kukwaruza, ndipo kizuizi kiwekwe pale kilipobaki kuhitajika. Sisi hatuwezi kuirudisha injini ya gari la mtumba kiwandani. Lakini mantiki ile inatufaa hata zaidi ya ilivyowafaa wao, kwa sababu bajeti yetu ni ndogo, na mwenye bajeti ndogo hawezi kumudu kuanza na kazi ya mwisho.

Tuchukue Probox, gari linalojulikana kila kona ya Kenya na sehemu nyingi za Tanzania. Toyota ililitoa mwaka 2002 kama gari la kazi, la kubeba mizigo na mafundi wa makampuni huko Japani, likichukua nafasi ya Corolla ya mizigo. Halikukusudiwa kuwa sebule. Lina chumba kimoja kutoka kioo cha mbele hadi mlango wa nyuma. Kwenye saluni kiti cha nyuma na ile rafu iliyo chini ya kioo huitenga buti na abiria. Kwenye Probox yale matao mawili ya magurudumu ya nyuma yamo ndani, nyuma tu ya mgongo wa abiria, yakiwa yamefunikwa kwa plastiki nyembamba au hayakufunikwa kabisa. Kila jiwe linalorushwa na tairi linagonga bati ambalo upande wake wa pili ni chumba cha watu. Ukiangalia gari hili kwa mpangilio wetu, ramani inajichora yenyewe: matairi, matao ya nyuma, sakafu ya mizigo, mlango wa nyuma, na milango ya mbele mwisho. Ukiangalia Hiace au Noah za zamani ramani ni nyingine, kwa sababu injini imekaa chini ya viti vya mbele na kifuniko chake ndicho mpaka pekee kati yake na dereva. Raba ya kifuniko hicho ikiwa imeliwa na joto, anayeanza na matao ya nyuma amekosea mlango.

Hatua ya pili ni matundu, na hapa naomba msomaji atulie nami, maana ndipo penye faida kubwa kwa gharama ndogo kuliko mahali popote. Chukulia ukuta unaozuia desibeli 40, yaani unaoruhusu sehemu moja tu kati ya elfu kumi ya nguvu ya sauti kupita. Toboa tundu lenye ukubwa wa asilimia 1 ya ukuta huo. Tundu halizuii kitu, kwa hiyo sehemu moja kati ya mia ya nguvu yote inapita hapo peke yake, mara mia ya kile kinachopita kwenye ukuta mzima uliobaki. Ukuta wako wa desibeli 40 sasa ni ukuta wa 20. Ukiufanya mnene mara tatu utabaki wa 20. Sasa tazama mlango wa gari wenye eneo la mita moja ya mraba. Raba ikilala na kuacha mwanya wa milimita 2 kwa urefu wa nusu mita, mwanya huo ni elfu moja ya eneo la mlango, na mlango hauwezi tena kuzuia zaidi ya desibeli 30 hata ukiujaza risasi.

Mwanya unatafutwa kwa kipande cha karatasi. Kiweke kati ya mlango na fremu, funga mlango, kisha kivute. Kikitoka kwa kugoma, raba inafanya kazi. Kikiteleza kama kimewekwa kwenye kitabu, hapo raba imekufa. Rudia kila baada ya kiganja kimoja kuzunguka mlango mzima. Njia nyingine ni kupaka raba chaki, kufunga na kufungua, kisha kuangalia wapi chaki haikuacha alama kwenye fremu. Mara nyingi si lazima kubadilisha raba yote. Komeo la mlango likisogezwa milimita moja au mbili ndani, mlango hukaa vizuri na raba hubanwa tena. Mahali pa pili pa kuangalia ni ukuta kati ya injini na dashibodi. Kila aliyefunga alamu, redio, taa za ziada au kifaa cha kufuatilia gari alihitaji kupitisha waya, na wengi walitoboa tundu au waling'oa kizibo cha mpira na kuliacha wazi. Zima taa za gereji, mtu mmoja amulike tochi kutoka upande wa injini, mwingine alale chini ya dashibodi atazame. Kila panapoonekana mwanga pana njia ya kelele, ya vumbi na ya moshi. Mahali pa tatu pamefichika zaidi. Nyuma ya pambo la mlango kiwanda kilibandika nailoni nzito inayofunika matundu yote ya bati la ndani. Fundi wa vioo anapotengeneza mashine ya kioo huichana nailoni hiyo, na ni wachache wanaoirudisha. Mlango ulioonekana mzima una bati moja tu badala ya kuta mbili. Kubandika nailoni upya kwa gundi isiyokauka ni kazi ya saa moja, na kwenye magari mengi ni yenye faida kuliko kazi nyingine yoyote ya mlangoni.

Matundu yakiisha, lililobaki ni bati lenyewe. Bati la bodi huwa na unene wa chini kidogo ya milimita moja na lina uzito wa karibu kilo 6 kwa mita ya mraba. Likitikiswa linalia kama sinia. Ligonge kwa kifundo cha kidole katikati ya tao la gurudumu: likisema "ngoo" na kuendelea kidogo baada ya kidole kuondoka, linahitaji kutulizwa. Likisema "tu" na kukoma, liache. Kinachotuliza si sponji. Ni karatasi nzito ya mpira wa butili wenye ngozi ya alumini juu. Bati likipinda, mpira unabanwa na kuvutwa kati ya vyuma viwili, na mtetemo unageuka joto dogo lisilohisika. Wauzaji watakuambia funika bati lote, asilimia mia. Huna haja. Kazi ya karatasi hii ni kuvunja mlio, na sehemu kubwa ya mlio huvunjika ukifunika robo au theluthi ya bati, katikati ambapo linapepea zaidi. Kinachoharibu kazi ni haraka. Uso usafishwe kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, na karatasi ikandamizwe kwa rola ya mkono mpaka vijumba vilivyochorwa kwenye alumini vilale kabisa. Panapobaki vijumba vimesimama, mpira haujakamata, na kipande hicho ni uzito wa bure.

Sponji sasa inapata nafasi yake, na nafasi hiyo ni nyembamba. Sponji na pamba hufyonza sauti vizuri ikiwa unene wake unakaribia robo ya urefu wa wimbi. Mlio wa tairi wa mitetemo 200 kwa sekunde una wimbi la karibu mita 1.7, na robo yake ni sentimita zaidi ya 40. Sponji ya sentimita moja mbele ya wimbi hilo ni kama kanga iliyoanikwa mbele ya mafuriko. Inachoweza kufyonza ni sauti nyembamba: mluzi wa upepo, mchirizi wa matairi kwenye lami yenye maji. Kuna jambo moja zaidi linalochanganywa madukani. Sponji yenye matundu yanayoungana, inayopitisha pumzi ukiipuliza, ndiyo inayofyonza sauti, lakini pia ndiyo inayonywa maji. Ile isiyopitisha pumzi haifyonzi sauti ya maana, ila hainywi maji, na inafaa kutenganisha plastiki na bati ili zisigongane. Kutandika sponji ya godoro chini ya kapeti ya gari linalooshwa kwa mpira wa maji ni kuipandia kutu sakafu, na kuisogeza karibu na ukuta wa injini ni kuweka kuni karibu na jiko. Anayetaka kuzuia sauti nene sakafuni anahitaji uzito: tabaka la mpira mzito wa kilo 5 hivi kwa mita ya mraba, likiwa limelazwa juu ya sponji isiyonywa maji, bila pengo katikati. Uzito wa ukuta ukizidishwa mara mbili, kinga huongezeka kwa desibeli kama 6. Hakuna karatasi nyepesi inayoikwepa kanuni hiyo, hata ikiwa na jina zuri.

Yapo mapingamizi, na mengine yana uzito. La kwanza ni kwamba utulivu ni anasa ya wenye uwezo. Gari dogo la kisasa kwa mwendo wa kilomita 100 huwa na desibeli 65 hadi 70 ndani, na kelele hiyo peke yake haiui masikio. Nakubali. Taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, huweka mpaka kwenye desibeli 85 kwa saa nane kwa siku, na kila ongezeko la 3 linapunguza muda huo kwa nusu: 88 kwa saa nne, 91 kwa saa mbili. Lakini watu hawasafiri na kelele peke yake. Husafiri na redio, na ili maneno na muziki vipenye lazima viipite kelele kwa desibeli 10 au 15. Gari lenye 75 linamfanya dereva afungue redio hadi 85 na zaidi bila kujua, na dereva wa daladala au wa Probox hukaa humo tangu alfajiri mpaka usiku. Wanaosema "ongeza sauti ya redio basi" wanapendekeza jambo lenyewe linalodhuru. Abiria naye analipa: mazungumzo ya kawaida ya watu waliokaa karibu ni desibeli 60 hivi, na mzee aliyeanza kupoteza usikivu akikaa kiti cha nyuma cha gari lenye kelele anatengwa na safari nzima. Si anasa kumtaka bibi asikie anachoulizwa na wajukuu wake.

Pingamizi la pili ni la usalama, nalo ndilo ninaloliheshimu zaidi: gari likinyamaza sana, dereva hasikii king'ora, honi ya bodaboda, wala gari lake likiugua. Hofu hiyo ni sahihi kwa anayeanza na vizuizi, kwa sababu kizuizi hupunguza kelele ya barabara na king'ora kwa pamoja. Anayeanza kwenye chimbuko hapatwi na hilo. Ukibadilisha tairi lililolika kimsumeno, mvumo unapungua na king'ora kinabaki na nguvu zake zote, kwa hiyo kinasikika vizuri kuliko jana. Vivyo hivyo beringi inayoanza kuguna, ambayo hubadilisha sauti gari likikata kona, husikika mapema zaidi kwenye gari lenye mvumo mdogo. Kosa la kweli ni kufunika mguno kabla ya kuutafuta. Na kuhusu kunyamaza kupita kiasi, Rolls-Royce walikutana nako walipotengeneza Ghost iliyotoka mwaka 2020: walitumia zaidi ya kilo 100 za vifaa vya kuzuia sauti, wakagundua kwamba ukimya ule unawavuruga watu kichwani, wakalazimika kurudisha mnong'ono mdogo ndani ya gari. Probox iliyofanyiwa kazi yote ya sura hii haifiki hata karibu na tatizo hilo.

Uzito hautusumbui. Karatasi za butili kwa kiasi nilichoeleza, matao na milango, hazizidi sana dumu moja la maji la lita 20, na hakuna anayehesabu mafuta kwa sababu ya dumu. Joto ndilo la kuogopwa zaidi. Ndani ya gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam au Mombasa, bati linaweza kuunguza mkono, na zile karatasi za bitumini za kuezekea mapaa, ambazo mafundi wengine huzitumia kwa sababu ni rahisi, hulegea, hunuka lami, na zikiwa zimebandikwa darini hudondoka. Kwenye sakafu zinaweza kuvumilika. Juu ya kichwa cha mtu zisitumike.

Kupima kuna mitego yake. Programu ya simu inatosha, maana kinachotakiwa ni tofauti kati ya kabla na baada: barabara ileile, mwendo uleule, vioo vimefungwa, feni imezimwa, simu mahali palepale. Lakini programu nyingi hupima kwa mizani inayoiga sikio, na mizani hiyo huidharau sauti nene. Mvumo wa mitetemo 100 kwa sekunde hukatwa desibeli 19 kabla haujaandikwa kwenye kioo cha simu. Inawezekana kabisa ule mgandamizo unaowachosha abiria wa nyuma ukapungua sana na namba isisogee zaidi ya 1 au 2. Ndiyo maana kipimo cha pili kifanywe kwa watu. Abiria wa nyuma ashike orodha ya majina kumi asiyoyajua atakayeyaandika, ayasome kwa sauti ya kawaida gari likiwa kilomita 80 kwa saa, na aliyekaa kiti cha mbele, asiyeendesha, ayaandike. Fanya hivyo kabla ya kazi na baada ya kila hatua: baada ya matairi, baada ya raba na nailoni, baada ya matao ya nyuma. Siku majina tisa yanapoandikwa bila kurudiwa, kazi imefika, hata kama nusu ya karatasi ulizonunua bado ziko kwenye boksi. Hapo angalia kwamba vitundu vya kutolea maji chini ya kila mlango havikuzibwa, unganisha plagi za njano za mifuko ya hewa chini ya viti betri ikiwa bado imetolewa, kisha rudisha viti na ukaze boliti za mikanda kwa spana ya kipimo, si kwa kukisia.